Damu Ilipozidi Kipimo

Pa! Pa! Pa! Kabla hujamwona mtu, unasikia donge la unga likibamizwa mezani. Unasukuma mlango, joto linakupiga usoni, na hapo ndipo unapomwona: mwanamke wa makamo, unga umempanda hadi viwikoni, tanuri la kuni likinguruma mgongoni mwake.

Mtaa mzima unamwita Fundi Mkate. Huu ni mwaka wa kumi na nne anaoka mikate mia mbili kwa siku katika chumba hiki chenye dirisha moja. Leo dirisha liko wazi, naye kila mara analitupia jicho kama mtu anayemchunga mwizi.

"Upepo ni adui wa hamira," anasema. "Ukiukaribisha, donge linanywea kama mtu aliyesutwa. Bibi yangu alinifundisha hivyo. Nikafunga dirisha, na nyufa nikaziba kwa matambara."

Alipoufungia upepo nje, aliufungia moshi ndani.

Kwanza kilikuja kichwa kuuma. Kikafuata kizunguzungu, kisha uso kuiva kwa wekundu. Wifi yake, dada wa mumewe anayeoka naye, hakuhitaji daktari: damu imepungua, basi! Akamletea dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma. Akainywa miezi mitatu, asubuhi na jioni.

"Nilimnywesha kwa mkono huu," anasema wifi, akipaka trei mafuta.

"Nusura unizike, wifi, halafu uje uongoze vilio."

"Nani akulilie? Ningekuwa nahesabu trei zako!"

Wanacheka. Kicheko hakifiki mbali.

Wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, Fundi Mkate alikuwa akitoa trei tanurini mkono wa kulia ulipokufa ganzi. Mikate ishirini ikamwagika sakafuni. Alitaka kuita, ulimi ukagoma. Dakika kumi tu, kisha vyote vikarudi. Wifi hakungoja vazi la kutokea. Alimburuta zahanati na aproni yake.

"Nilitarajia kukuta upungufu wa damu," anasema daktari wa zahanati. "Mashine ya kupima wingi wa damu ikasoma kumi na tisa na nusu. Nikarudia kipimo, ikasema vilevile."

Wingi huo wa damu, kwa mwanamke, kwa kawaida haupiti kumi na sita.

Daktari anaeleza kwamba kuni zikiwaka chumbani pasipo hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hukalia nafasi ya oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Mwili unahisi njaa ya hewa, unatengeneza chembe zaidi, na zaidi tena. Damu inakuwa nzito kama uji uliokolea. Ikiganda katika mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Dawa ile ya chuma ilikuwa inachochea moto.

"Damu kupungua naijua," anasema Fundi Mkate. "Damu kuzidi? Nani alishasikia mtu akiugua utajiri?"

Ametolewa damu mara mbili, nusu lita kila mara. Kipimo kimeshuka hadi kumi na saba. Lakini daktari hajatulia. Huenda kosa si la moshi. Huenda ni uboho wa mifupa unaozalisha damu bila kutumwa, na ugonjwa huo mtu huishi nao. Sampuli imepelekwa hospitali kubwa. Jibu ni Jumatatu.

"Jumatatu tuna mikate ya shule," anasema Fundi Mkate, haraka mno.

Wifi anaweka trei chini. "Mikate ya shule nitaoka mimi. Sema kweli."

Donge limelala mezani. Hakuna anayeligusa.

"Naogopa."

"Hata mimi. Je, utakwenda?"

Fundi Mkate anafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kisha anamshika wifi yake mabegani na kumwachia alama mbili nyeupe.

"Nisikilize. Jumatatu, saa mbili asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa daktari. Wakisema ni moshi, tutajenga bomba la moshi na kuendelea kuoka. Wakisema ni uboho, nitatolewa damu kila watakaponiita, na dawa nitameza. Sijifichi tena nyuma ya mkate. Nakuahidi, wifi yangu, nakuahidi."