Bangi Fupi ya Nyanya Yangu

Juzi nilifungua kabati la mjukuu wangu hapa Laurel, ughaibuni, natafuta blanketi, nikapigwa puani na harufu niliyoinusa mara ya mwisho Kenya ningali na meno ya utoto. Mimea miwili, mifupi kama sufuria, imechanua chini ya taa. Bangi! Nilipiga ukelele mpaka binti yangu, ambaye ni nesi na alikuwa ametoka zamu, akaamka.

"Relax, Shosho, ni legal," mjukuu akaniambia, na ndevu zote zile. "Hii mbegu ni special. Fupi, inachanua chap chap."

Special! Nikakaa kitandani kwake. Nyanya yangu alikuwa na mbegu hiyo kabla mama yake huyu hajazaliwa.

Sisi watoto tuliambiwa ni dawa ya kuku. Na kweli kuku walipewa, wakasinzia vizuri sana. Nyanya aliipanda katikati ya mahindi. "Mvua ya vuli ni mgeni wa chai," alikuwa akisema, "haingoji ugali." Basi kila msimu alinituma nifunge uzi kwenye mche mfupi uliotangulia kuchanua, na mbegu akaweka za huo tu. Mwishowe bangi yake ikawa inanifika kiunoni, na mimi nilikuwa kafupi, tena inakomaa kabla mahindi hayajakatwa. Ukipita barabarani huoni kitu.

Kisha jirani akapanda za kwake, ndefu, akaiacha mimea dume isimame. Upepo ukaleta chavua yake hadi kwetu. Msimu uliofuata, bangi ya nyanya ikachungulia juu ya mahindi kama twiga. Alianza kuing'oa, lakini askari wa chifu walishaiona.

"Shamba la nani hili?"

Babu alikuwepo, na ami zangu. Wote wakatazama vidole vya miguu.

"Langu," nyanya akasema.

Mwenzangu, pingu hazikunishtua kama neno hilo. Kwetu mwanamke hakuwa na shamba. Akisema tu "ng'ombe wetu", Babu alimkata kauli: "Wenu na nani?" Nikangoja amkate. Babu kimya. Wakamchukua.

Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikakielewa kimya kile. Maisha yake yote, siku moja tu aliachiwa lile shamba bila mtu kumbishia, nayo ni siku lilipompeleka jela.