Mama Aliyekataa Kusonga Ugali

Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imekwisha nyolewa, redio ilipoanza kusoma matangazo ya vifo. Sisi watu wa Kisumu tunajua saa hiyo inavyokuwa. Mkasi husimama, mwenye hadithi huikatiza, kila mtu hutega sikio maana hakuna ajuaye leo ni zamu ya ukoo gani. Likasomwa jina la mama mmoja ambalo sikulijua, nikashusha pumzi. Kisha msomaji akaendelea: mwenye kibanda cha samaki ufuoni, mke wa fulani wa Asembo Bay, binti wa fulani wa Port Victoria. Niliinuka na kitambaa cha kinyozi kikiwa bado shingoni. Miaka yote ile nilikuwa nikimwita Nyar Port, yaani binti wa Port, kama alivyoitwa na kila mtu, na sikuwahi kuuliza jina alilopewa na mama yake. Kinyozi aliniuliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nikamwambia ni mtu aliyenilisha, akanielewa, akanimalizia upande uliobaki bila maneno mengi.

Najua wiki hii mlitarajia niendelee kulalamika kuhusu mitaro iliyoziba, na mitaro yenyewe haijazibuka. Itangoja. Nimeumia, sifichi, lakini siwezi kumwandikia mama huyu kwa sauti ya chini, maana yeye mwenyewe hakuwa nayo. Ukiteremka ufuoni saa ya chakula ungemsikia kabla hujauona moshi wake. Aliwaita makarani, mafundi na mapasta kwa mpigo mmoja, akawachagulia samaki kabla hawajafungua midomo. Ngege wake, yule sato wa ziwani, alikaangwa hadi mapezi yakawa ya kutafuna, halafu akatiwa nyanya na kitunguu kidogo tu. Nimekula samaki sehemu nyingi za ziwa hili, na bado nikimkumbuka yule ngege mate yananijaa hapa ninapoandika. Kama kuna msomaji anayebisha, basi hakufika pale.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu katika kibanda kile. Samaki alimkaanga yeye, mbele ya macho yetu, lakini ugali ulisongwa nyuma ya pazia la gunia na mama mwingine, jirani yake, aliyekuwa hasemi sana. Siku jirani akiwa mgonjwa au ana msiba, Nyar Port alitangaza kwamba ugali hakuna, na watu wazima wenye njaa zao wakageuka wakaenda vibanda vya pembeni. Aliwatazama wakienda. Unga ulikuwapo, maji yalikuwapo, moto ulikuwa unawaka, na yeye alikuwa na mikono miwili yenye nguvu. Katikati ya miaka ya themanini, siku moja ya namna hiyo, nilibaki peke yangu kwenye benchi na mdomo wangu usiotulia.

"Mama, samaki bila ugali ni nini?" nikamuuliza.

"Ni samaki," akasema.

"Si usonge mwenyewe tu, hata kidogo. Mimi si mtu wa kuchagua."

Alifuta mikono kwa leso, akaketi upande wa pili wa meza, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Bwana, nikuambie kitu. Mimi nililetwa Asembo kuolewa nikiwa msichana mdogo. Kwetu Port tulizoea unga ya muhogo na mtama. Huko nikapewa unga nyeupe ya mahindi, na sufuria kubwa ya watu wengi. Maji nikakisia kama ya nyumbani. Nikatoa ugali, ikalala kwa sinia. Shangazi ya mzee wangu akaiangalia, akasema, 'Hii ni ugali ama ni uji imesimama?' Watu wakacheka. Hata mzee wangu akacheka kidogo. Tangu hiyo siku sijasonga ugali ikaliwa na mtu mwingine. Yangu nasonga usiku, nakula mimi na watoto."

Nilitaka kucheka, maana nakiri kwamba maneno yale yalikuwa na utamu wake, lakini nilimwona uso. Alikuwa amekaza taya kana kwamba sinia lile lilikuwa palepale mezani kwangu. Miaka ilikuwa imepita, shangazi alikuwa mbali kwake, na huyu mama aliyewaamrisha wanaume ufuoni hakuthubutu kushika mwiko mbele ya mteja mwenye njaa. Nilimaliza samaki wangu kwa chapati ya jana, na nikaanza kumheshimu kwa namna nyingine.

Sasa sikilizeni jinsi neno moja la kuchekesha linavyoweza kuwafunga watu wengi. Mumewe alikuwa mtoto wa kwanza kwao. Wenyeji wa huku mnaelewa uzito wa hilo. Kaka mkubwa asipotoka kwenye boma la baba yake na kuanzisha lake, yaani dala yake, wadogo zake nao hawatoki. Na dala haianzi kwa mabati na misumari. Mwenye boma huja na mtoto wake wa kwanza na shoka na jogoo, mke huja na moto, na ni mke mwenyewe, kwa mkono wake, anayepika chakula cha kwanza ambacho ukoo utakula. Hapo hakuna jirani wa nyuma ya pazia. Hakuna wa kumkodi. Kila mwaka mume alisema mwaka huu tutatoka, na kila mwaka Nyar Port alipata sababu: mvua, karo, mguu wa mtoto. Wadogo wa mume wakaanza kununa, wake zao wakaacha kumsalimia. Mume alidhani ameupenda mji na hataki shamba. Hakujua kwamba boma zima la ndugu zake lilikuwa limekwama juu ya sinia moja la ugali mwepesi, na mkewe aliona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko aeleze.

Aliyemkwamua ni mzee mkwe, ambaye alianza kuugua na kusema hadharani kwamba hataki kufa kabla ya kuona mwanawe ana lango lake. Wiki ile Nyar Port alininyooshea kidole katikati ya wateja: "Wewe, mwenye gazeti, Jumamosi utakuja Asembo. Nataka mtu mmoja kule anayejua." Mwingine aliyejua ni yule jirani, naye alikuja. Tulipanda pikapu iliyobeba mabati, na njia nzima Nyar Port alikuwa kimya hadi dereva akauliza kama tunaenda matanga.

Siku ile nikiikumbuka moyo hunidunda. Nyumba iliinuka tangu asubuhi, wanaume wakigonga, watoto wakikimbizana na jogoo aliyetoroka akakamatwa kwenye mkonge. Na kabla ya adhuhuri akafika shangazi, mama wa fimbo na kitambaa cheupe cha kanisa, akapita viti vyote vya kivulini, akaja kuketi karibu kabisa na moto. Jirani aliniangalia. Nyar Port alitia unga wa mahindi, ule ule mweupe, ingawa nilijua alibeba gunia la unga wa kwao. Alisonga akiwa amesimama wima, jasho likimtiririka hadi kidevuni, akageuza, akakandamiza ukutani mwa sufuria, akageuza tena, na harufu ile ya ukoko kuungua kidogo ikatufikia hadi kwenye ngazi za mafundi. Akaupakua kwenye sinia. Ulisimama imara, ukakaa. Mimi ambaye si wa ukoo huo nilijikuta nimeshika kofia yangu mkononi.

Shangazi alimega tonge, akalifinyanga, akachovya mchuzi, akala taratibu. Akamega jingine. Halafu akasukuma sahani mbele: "Nyar Port, hii kuon umepika wewe? Meda." Kuon ni ugali, na meda maana yake niongezee.

Nyar Port hakuongeza. Alisimama na mwiko wake, akamwita waya, yaani shangazi. "Waya, leo unasema nikuongeze. Ile siku nililetwa ulisema ni uji imesimama."

"Siku gani?"

"Nililetwa. Ulikuwa na leso ya manjano. Ulikuwa umekaa hivi, mlango iko nyuma yako."

Mafundi waliacha kugonga. Shangazi alikunja uso, akatafuta, na niliona wazi kwamba anatafuta kwa dhati. "Nyathina, mwanangu, sikumbuki," akasema. "Kweli sikumbuki. Nilisema hivyo, na watu wakacheka?"

"Walicheka."

Mama mzee akatazama tonge lililobaki mkononi mwake. "Basi ndio sababu nilisema. Nilikuwa napenda sana watu wacheke." Hakuomba radhi. Aliinua sahani tena, kwa mikono miwili safari hii, kama mtu anavyopokea kitu cha heshima. "Meda, mtoto wangu."

Nyar Port alimwongezea hadi sahani ikajaa. Halafu ile sauti ya ufuoni ikamrudia, tena kubwa kuliko mwanzo, akawageukia watu wote na mwiko juu: "Sasa mnisikie. Kwa hii dala yangu, msichana yeyote akiletwa, ugali yake ya kwanza, hata kama inamwagika, mtu ataambia yeye neno moja tu. Meda. Mwenye hawezi, arudi kwao na njaa." Watu walicheka hadi wakashika mbavu, mzee mkwe akapiga makofi akiwa amelala kwenye mkeka, na shangazi ndiye aliyecheka mwisho na kwa muda mrefu zaidi. Nilirudi Kisumu nikiimba njia nzima, na sauti yangu si ya kuimba.

Msidhani jeraha lilipona siku ile. Baadaye alianza kusonga ugali kibandani, ndiyo, na pazia la gunia likashushwa, lakini nilimchunguza. Kila mteja mgeni alipomega tonge la kwanza, Nyar Port alisita, kijiko hewani, akimtazama usoni hadi ameze. Alifanya hivyo mpaka mwisho, katika miaka hii ya tisini ambapo vibanda vimejaa ufuoni na kila mtu ana haraka. Alishinda siku ile, na bado neno lilibaki naye.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiwasumbua watu. Pale kazini niliuliza mmoja mmoja: kuna neno gani uliloambiwa ambalo halijakutoka? Jamani, hakuna aliyeomba muda wa kufikiri. Mhasibu wetu, mtu wa sheria na mahesabu, alinipa sentensi aliyoambiwa na mama wa kambo kuhusu masikio yake, na akanionyesha jinsi mama yule alivyoshika kiuno. Dereva alikumbuka kocha aliyemwambia anakimbia kama mtu aliyebeba ndoo. Mimi mwenyewe ninalo moja la mwalimu kuhusu insha yangu, naye pengine ndiye anayenifanya nifute kila aya mara tatu. Lakini katika maneno yote niliyokusanya, na nimekusanya mengi, hakuna mtu hata mmoja aliyeniletea neno alilolisema yeye. Sote ni Nyar Port katika hadithi zetu. Hao mashangazi wametoka wapi, basi? Nadhani wametoka humuhumu, ila wao walipenda watu wacheke, wakanawa mikono, wakaenda nyumbani.

Jumamosi iliyopita tulimzika Asembo, ndani ya lango lile. Wageni wa kutoka Kisumu tuliwekwa nyumba moja na shangazi, ambaye sasa haoni vizuri na anaongozwa kwa mkono. Chakula chetu kililetwa na msichana aliyeolewa juzijuzi na mtoto wa shemeji ya marehemu, na macho yake yalikuwa chini tangu mlangoni. Nilipomega ugali nikakuta mabonge, na ndani ya bonge unga mkavu kabisa. Bwana mmoja aliyeketi kando yangu, mtu wa maneno mepesi, alitazama sahani yake, kisha akatutazama sisi, na nikaona utani umekwisha fika kwenye midomo yake. Msichana alikuwa amesimama pale pale, mikono imeshikana.

Shangazi hakumngoja bwana yule. Alitafuna, akameza kwa shida, akanyoosha sahani kuelekea pale alipodhani msichana yupo. "Meda, nyathina," akasema. Nami nikanyoosha yangu. Jirani wa nyuma ya pazia akanyoosha yake, machozi yakimdondoka ndani ya mchuzi. Mwisho hata yule bwana akaumeza utani wake pamoja na tonge, akasema meda.

Basi hilo ndilo ninalowaachia leo. Lile neno la kuchekesha lililoko kwenye ncha ya ulimi wako, limeze. Halitakuua. Msichana yule alituongezea wote, akainua macho, akatoka haraka kwenda kuleta sinia jingine. Hakujua kilichotokea pale ndani wala hana haja ya kukijua. Kesho atasonga ugali mbele ya watu, na hatamtazama mtu usoni kusubiri ameze.