Vijiwe vya Sangara

Harufu ya mapanki yakikaangwa ndiyo iliyotuamsha Mkuyuni miaka ile viwanda vya minofu vilipoota ufukweni mwa ziwa. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na miiba ya sangara, na sikumbuki kama tulilalamika sana, maana vichwa ni vitamu. Shangazi yangu Kabula alivitaka kwa sababu nyingine. Alikuwa msaidizi wa utafiti katika kituo cha samaki, mwanamke pekee pale ambaye hakuajiriwa kufagia wala kupika chai. Kila jioni alipita kwa wakaangaji, akapasua vichwa kabla havijaingia kwenye mafuta, akatoa vijiwe viwili vyeupe kila kichwa. Kijiwe kina mistari, alinieleza, na mistari ndiyo inayosema umri wa samaki. Alivitunza katika viberiti, kila mwezi na kiberiti chake, jina la mwezi limeandikwa juu. Vikitimia kumi na viwili, mkuu wake angempendekeza kwenda kusoma zaidi.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaona vijiwe vizuri vya kuchezea mdako. Likizo ya Juni, shangazi akiwa kazini, nilimwaga viberiti vyote vinane sakafuni, nikacheza na rafiki yangu mpaka tukachoka. Kisha nikavirudisha kwa haki kabisa, kila kiberiti idadi sawa. Nilijiona mwerevu kupindukia.

Shangazi alifungua kimoja, akafungua cha pili, akakaa chini. "Aprili nilipata vichache," alisema taratibu. "Mbona leo vimejaa?"

Nilianza kulia kabla hajaniangalia. Bibi akaingilia kati. "Si uvigawe tu, Kabula. Vyote si vya sangara?"

"Samaki wa Aprili hawezi kuwa wa Januari, mama."

Aliniambia nikaoge. Kesho yake alikwenda kumweleza mkuu wake, na nafasi ile akapewa mwanamume waliyekuwa wakifanya kazi pamoja. Shangazi alianza upya, viberiti vikiwa juu ya kabati, akaenda kusoma miaka miwili baadaye. Miaka yote hiyo niliamini kwamba kule kituoni nilijulikana kama mtoto aliyeharibu utafiti. Nikitumwa kumpelekea chakula, nilisema shikamoo nikiwa mbali na kuondoka mbio. Niliona aibu mno.

Leo mimi mwenyewe nasoma mistari ya vijiwe, kwa hadubini ambayo shangazi hakuiota, na wasichana watatu ninaofanya nao kazi hawajui kwamba zamani wangetarajiwa kupika chai. Mwaka jana, nikipekua majalada ya zamani, nilikuta barua yake kwa mkuu wake. Ilikuwa fupi. "Vijiwe vya miezi minane vimechanganyika kwa uzembe wangu. Naomba kuanza upya." Pembeni mkuu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Nilijua. Mwanamke." Niliisoma barua mara tatu nikitafuta jina langu, au hata neno mtoto. Halikuwemo.