Askari wa Kulala Dakika Tano

Kathini alijifunza kuwasha na kuzima taa ndogo kwa chipu ya kompyuta, papo hapo akajiita injinia. Hakuna aliyembishia, Dandora mtu hujiita atakavyo mradi kazi ionekane. Taa hiyo moja ilimlisha miaka miwili: kwa kinyozi ilikuwa urembo, kwa mwenye duka ilikuwa "ulinzi wa kisasa". Kisha akamwahidi Qamar, mwenye ploti nane za nyumba za kupanga, mtambo utakaozima pampu wenyewe tangi la paani likijaa. Ukifaulu ploti ya kwanza, kazi ya saba zilizobaki ni yake.

Nyumbani aliujaribu kwa ndoo. Ndoo ina adabu, hujaa ukiitazama.

Akaufunga ploti ya kwanza. Jumanne maji ya mgao yalifika, na yakifika ploti nzima hufua. Kamba za uani zikajaa nguo. Tangi nalo likajaa, likafurika, maji ya kutu yakateremkia mashuka.

"Niaje, injinia!" Luseno, mpangaji wa chini, alipunga shati lililokuwa jeupe. "Na rangi umetuongezea bure?"

Pampu ikajizima wakati huohuo, kwa heshima zote, mafuriko yakiwa yameshafika getini.

"Mtambo huangalia boya la tangi, mama," Kathini akajitetea kwa Qamar, "halafu husubiri dakika tano ndio uangalie tena."

"Na katikati?"

"Unasubiri tu. Hausikii kitu."

"Askari wangu akichungulia geti kisha alale dakika tano, huyo ni askari au mgeni wangu?"

Miaka miwili Kathini alikuwa akitia amri ya "subiri" kila mahali kama chumvi. Akaketi kwenye ngazi na kompyuta, akazifuta zote. Sasa chipu ingetupia saa jicho ikiendelea na kazi, na boya likiinuka lingeikatiza papo hapo, iwe inafanya nini. Mistari ishirini ya amri ilimlia muda wa saa nne, huku Luseno akimletea habari za mashuka bila kuombwa.

Qamar hakungoja tangi lijae. Alipanda paani mwenyewe, akainua boya kwa mkono. Pampu ikanyamaza. Akaliachia, ikanguruma. Akaliinua tena ghafla, kama anayeshuku mizani ya muuza nyama. Kimya.

"Leta mingine saba. Na hiyo taa inayopepesa kwenye mtambo ni ya nini?"

"Urembo tu, mama. Nitaitoa."

"Iache. Nijue hajalala."