Nguo Zisizokauka

Sikiliza kwanza mpaka mwisho, halafu ndipo useme nilikuwa nimechoka. Baba yangu alikuwa mwinjilisti Dodoma, na nyumbani kwetu habari za mizimu hazikupewa nafasi. Mimi mwenyewe nimetunza wazee hapa Maryland kwa miaka mingi. Nimewafumba macho watu waliokata roho mbele yangu, nikawaosha, nikatoka nikaenda kula chakula changu. Si mtu wa kukimbia kivuli. Hili lilinipata mimi, na lilianza mchana kweupe, siku ya Jumapili, ndani ya londri ya Langley Park.

Wakati huo, miaka ile tulipokuwa bado tunapiga simu nyumbani kwa kadi za kukwangua, nilikuwa nakaa apatimenti moja na Espe. Jina lake hasa ni Esperance, Mkongo wa Bukavu, na tulikutana kazini. Espe alikuwa ametoka vitani, akapitia kambini, akafika huku. Siku moja akaniambia, "Dada, maisha yangu yote nimesafiri kwa kukimbia. Mara moja tu nataka kusafiri kama madame."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Tukaomba likizo, tukakata tiketi za meli ya kitalii inayoondokea Baltimore kwenda visiwa vya Karibi.

Jumapili hiyo Espe alikuwa kazini, mimi nimekwenda kufua nguo zetu. Nje theluji ya zamani ilikuwa imerundikwa pembeni mwa maegesho, imekuwa nyeusi kwa moshi wa magari. Ndani kulikuwa na akina mama wawili wa Salvador wanatazama runinga kule mbele. Nimekaa nyuma, karibu na mashine za kukaushia, nasoma kijitabu cha meli, ndipo nikaona kanga.

Mama mmoja alikuwa anaitoa kwenye mashine. Umri wake kama miaka hamsini hivi, gauni jepesi lisilo na mikono, ndala miguuni. Katika baridi ile. Lakini nilichoangalia mimi ni kanga. Wewe uliye ugenini unajua, ukiona kanga unasahau mengine yote. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili cha pwani, cha polepole. Akatazama kijitabu mapajani mwangu. "Waenda safari ya meli?"

Nikamwambia ndiyo, ni mara yangu ya kwanza. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za kwao.

Basi akaanza kunipa maelekezo, na niamini, sijawahi kupata maelekezo mazuri kama yale. Akasema nikishuka bandarini nisikimbilie safari zinazouzwa melini, bei zake ni za wageni. Nitoke nje ya geti, nipite maduka ya vito bila kugeuka, nitembee mpaka nione wanafunzi na wamama wenye vikapu, hapo ndipo penye basi dogo la wenyeji. Hati ya kusafiria ibaki melini, tembea na nakala. Maji beba yako. Na mwenye teksi mkubaliane bei kabla hujafungua mlango. Siku zenye meli nyingi bandarini, nenda upande wa pili wa kisiwa, watu wote watakuwa wamebanana upande huu. Alikuwa anavitaja visiwa kimoja kimoja, anakuonyesha kwa mkono kama vile geti la bandari lipo pale penye mashine ya sabuni.

Huku anaongea, alikuwa anazirudisha nguo zake kwenye mashine, anaweka sarafu, zinazunguka, anazitoa. Mara ya pili hivi ndipo nikatazama vizuri. Zilikuwa zinachuruzika maji. Zimetoka kwenye moto, mashine inawaka mpaka kioo chake huwezi kukigusa, na ile kanga inatiririka kama imetolewa kisimani. Maandishi yake yalikuwa yamefutika yote, imebaki michirizi tu. Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vyangu.

"Mama, hiyo mashine mbovu," nikasema. "Jaribu hii yangu."

"Zote nimeshajaribu," akajibu, akakunja kanga hivyo hivyo, mbichi, akaiweka kwenye kapu.

Kisha akaniambia kituo cha mwisho cha safari yetu anakijua kuliko vyote. Kuna ufuo nyuma ya kilima, hauna mtu, maji yake yametulia. "Na siku hiyo badili saa yako ifuate ya kisiwani, usifuate ya meli. Utapata saa nzima zaidi ya kupumzika." Akanisogelea. Alinukia mwani. "Waenda na nani?"

"Na rafiki yangu."

"Aitwa nani?"

Nikamwambia. Nikaongeza kwamba sisi tunamwita Espe. Akalitamka jina lile taratibu, mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi. Mashine yangu ikalia kwamba imemaliza. Nikageuka kutoa nguo. Nilipogeuka tena hakuwepo, na mlango wa londri ile una kengele ambayo haikulia.

Utaniuliza kwa nini bado nilisafiri. Jibu ni kwamba nilijiambia ni mama mgonjwa wa akili, wapo wengi katika nchi hii wanaotembea na ndala kwenye theluji. Tena nilimhadithia Espe yale maelekezo tu, sikumhadithia maji.

Na maelekezo yalikuwa kweli. Kisiwa cha kwanza tulipita maduka ya vito, tukawaona wamama wenye vikapu, basi dogo likatupeleka mpaka sokoni tukala samaki wa kukaanga na ndizi mbichi za kukaanga, Espe akacheka akasema amefika Bukavu. Cha pili tulikwenda upande wa pili, tukakuta ufuo wenye watoto na mbwa, hakuna mgeni hata mmoja. Wenzetu wa melini walirudi wamenuna, sisi tumerudi tunaimba. Kila jioni Espe alisema, "Huyo mama wa londri, Mungu amubariki."

Siku ya kituo cha mwisho, asubuhi, tangazo likapigwa kwenye vipaza sauti: abiria wote wafuate saa ya meli, msibadilishe saa zenu, meli haitangoji mtu. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini. Katika yote aliyoniambia yule mama, hilo ndilo pekee lililokuwa kinyume.

"Amesahau tu," Espe akasema. "Mama muzee." Tukaacha saa zetu zilivyo.

Dereva wa basi dogo alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Tulipomwambia ufuo nyuma ya kilima hakufurahi. Alitushusha juu kilimani, pale inapoanzia njia ya kuteremkia ufuoni, akasema atageuza gari na kutungoja hapo hapo, hatashuka. Tukateremka. Ulikuwa mzuri, siwezi kukudanganya. Mchanga mweupe, maji kama kioo, kimya. Lakini kimya chenyewe hakikuwa na ndege.

Espe alitandika taulo akakaa. Mimi nikagundua nimesahau chupa ya maji garini, nikapanda njia kuifuata. Sikukaa. Nimechukua chupa, nimerudi, nikaona taulo peke yake.

Espe alikuwa baharini na nguo zake zote. Maji yamemfika kifuani. Na yeye, nisikilize vizuri, hajui kuogelea, hata beseni la kuogea analiogopa. Alikuwa anatembea kwenda mbele, polepole, anatabasamu, anaongea na mtu.

Nikaita, "Espe!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote. Ndipo nikaisikia. Kutoka mbele yake, kule kwenye maji matupu, sauti ikasema, "Espe, njoo, maji ni ya vuguvugu." Ilikuwa sauti yangu. Si kama yangu. Ile ile ninayoisikia ninapojirekodi, na lafudhi yangu ya Dodoma, na namna ninavyolivuta jina lake mwishoni.

Umewahi kusikia sauti yako ikitoka mahali ambapo hupo? Nilitaka kupiga kelele nikaogopa, kwa sababu kila nilipoita, ile ya mbele ilikuwa inaita pamoja nami. Nikaingia majini. Sijui kuogelea na mimi pia. Chini mchanga ulikuwa unakimbia, unavutwa kuelekea ndani, na Espe maji yamemfika shingoni.

Kule juu dereva akapiga honi. Akaishikilia, haikuacha. Mpaka leo naamini ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa haikuwa sauti ya mtu. Espe akashtuka, akageuka, akaniona nyuma yake. Uso aliouonyesha sitausahau. Alinitazama mimi, akatazama mbele, akanitazama tena. Nikamrushia mtandio wangu, akaudaka, nikavuta. Tulitoka tukitambaa.

Dereva alikuwa amepiga honi kwa sababu ya saa ya meli. Alituingiza garini tumelowa hivyo hivyo, akaendesha kama anafukuzwa. Mimi na Espe tulikuwa tunaongea wote kwa pamoja, yeye analia, ananiuliza kwa nini nilimwita, mimi naapa kwamba sikumwita. Dereva akatuuliza kwa Kiingereza chake, "Hiyo ni lugha gani?"

Nikamwambia ni Kiswahili, cha Afrika.

Akaendesha mpaka tulipoanza kuiona bandari. Kisha akasema, "Wavuvi wetu huisikia pale ufuoni. Mwanamke. Tulidhani ni kelele tu, hatukujua ni lugha ya watu." Akaitamka kama alivyoisikia, kwa shida, silabi moja moja. "Ni-ngo-je-ni. Ina maana gani?"

Espe akaziba masikio. Mimi nikamwambia dereva maana yake. Hakuuliza lingine, na sisi hatukumuuliza ni nani aliyeachwa pale, wala meli ipi, wala lini. Tulipanda ngazi ya meli wa mwisho kabisa, mabaharia wanaitoa nyuma yetu.

Tuliporudi nilikwenda londri, mchana, pamoja na Espe. Mwenye londri, mmoja wa wale akina mama wa Salvador, hakumkumbuka mtu mwenye gauni jepesi. Alichokumbuka ni maji. Alisema alipiga deki Jumapili hiyo mpaka akachoka, na yalipokauka yaliacha unga mweupe sakafuni. Alidhani ni sabuni. Aliugusa kwa ulimi ukawa chumvi.

Sasa nikwambie kilichobaki. Espe alihamia Herndon, upande wa Virginia, akaolewa huko, ana watoto. Hatujagombana. Sikukuu tunakula pamoja. Lakini tangu siku ile hapokei simu yangu. Naweza kumwandikia ujumbe, atanijibu. Nikimpigia, ataitazama simu mpaka ikate. Nikiwa jikoni kwake nikamwita yeye yuko chumbani, haitiki, atakuja mpaka mlangoni, anitazame mdomo, anione nikilisema jina lake, ndipo aseme, "Abee, dada." Siku moja nilimuuliza, hivi bado unafikiri ni mimi? "Naijua sauti yako," akasema. "Ndiyo shida."

Watoto wake wanafikiri ni mchezo wetu. Na mimi nimejifunza kutomwita. Nikimtaka, nainuka, nakwenda mpaka alipo, tuwe uso kwa uso.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kutembea visiwani, nenda, ni pazuri. Panda mabasi ya wenyeji, kula sokoni, usiogope watu. Ila ukisikia jina lako likiitwa kutoka majini, hata na mama yako mzazi, usiitike. Na mtu usiyemjua akikupa maelekezo matamu ya safari, hata yawe ya kweli yote, mkatize katikati umuulize jambo moja ambalo mimi sikuuliza: yeye mwenyewe alirudije?