Nimeulizwa kama niliridhika na polisi wakati wa corona, nikakwama

Wakuu, salamu kutoka Migori. Hii ilinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Juzi binti mmoja wa utafiti alikuja dukani kwangu na tablet. Akauliza, "Wakati wa corona, uliridhika na kazi ya polisi? Ndiyo ama hapana?"

Yawa! Nikamwambia angoje kidogo.

Mnakumbuka mazishi ya wakati ule. Mwili ukitoka mochari unazikwa asubuhi hiyo hiyo, watu wachache, polisi wamesimama hapo. Mama yangu alifariki wakati huo, na boma letu liko Lambwe.

Mimi ndio kifungua mimba. Kwetu, kifungua mimba ndiye anarusha udongo wa kwanza. Ukikosa, hiyo kitu unabaki nayo moyoni mpaka uzeeke.

Nikitoka Migori kwenda huko, hapo Rodi Kopany nikapata roadblock. Nikaeleza naenda kuzika mama. Afisa, barakoa iko kwa kidevu, akasema siku hizi kila mtu anazika mama. Nikajaribu kumbembeleza. Rungu ikanishukia mkono wa kulia.

Nikajifanya narudi Migori, halafu nikakata kwa mashamba ya watu, nikatokea mbele, nikapata boda. Nililia njia yote, na sioni aibu kusema. Nilijua wameshafunika.

Kufika, kaburi bado liko wazi! Watu wa afya na zile nguo zao nyeupe wamenuna kabisa. Baba mdogo akaninong'oneza, "Omera, ni huyo polisi amewakataza kufunika. Nilimwambia hujafika."

Na huyo afisa hata si wa kwetu, ni Mkamba. Akanipa glovu. Mkono ulikuwa umevimba, glovu haiingii. Akauliza nani amekufanya hivi. Nikamwambia ni wenzako, hapo Rodi.

Akachukua koleo, akachota udongo kidogo, tukashika mpini pamoja mpaka udongo ukaangukia jeneza.

Sasa huyu binti bado ananingoja. Nikamwambia andika zote mbili. Akasema tablet inakubali jibu moja tu.

Nikasema ndiyo.

Funzo nililopata: polisi ni watu tofauti ndani ya uniform moja, na swali la neno moja haliwatoshi. Nyinyi mngejibu aje? Semeni hapo chini, hata mkinitukana.

Ila yule wa Rodi, kama unasoma hapa, hiyo "ndiyo" niliyosema haikuwa yako. Kidole changu mpaka leo hakikunjiki.