Msituni Hatuitani Majina

Nilipokuwa mtoto pale kijijini Heru Juu, hakuna aliyenizidi ujasiri. Niliwahi kumfukuza nyoka kwa kumkazia macho tu. Bahati mbaya mashahidi wote wamehamia mbali. Kitu kimoja kilinishinda: usiku nilikuwa nakojoa mkekani, na asubuhi namsingizia mdogo wangu Yusta, niliyelala naye.

Siku ya safari yetu, Yusta ndiye aliyefua blanketi tena, huku analia. Kisha Bibi akatupeleka kushinda kutwa katika msitu wa chemchemi, ule ambao wazee walikataza panga lisiingie. Tulibeba mihogo ya kuchemsha tu.

"Humu hatuitani majina," Bibi akatukumbusha. "Msitu ukilisikia jina lako unalishika. Utakuita, utaufuata, hurudi."

Tulitazama tumbili, tukanywa maji ya baridi yanayouma meno. Tulipogeuka tule, Yusta hayupo.

Nikafungua mdomo nimwite. Bibi akaniziba kwa kiganja. Nikaona hata yeye anaogopa, na hapo ujasiri wangu ukaisha wote.

"Mwite bila jina," akanong'ona.

Nikapaza sauti: "Wewe kikojozi! Njoo!"

Hakutokea. Tumbili tu ndio walikimbia.

Bibi akanishika mabega. "Mjukuu wangu, mwite kwa neno atakaloliitikia."

Nililijua. Nikameza mate, nikapiga kelele ambazo nadhani zilifika Burundi: "Kikojozi ni mimi! Siyo yeye, ni mimi!"

Nyuma ya mkuyu, hatua tano tu kutoka tulipokuwa, sauti ikajibu: "Rudia, Bibi hajasikia!"

Bibi alicheka huku anafuta machozi. "Nimesikia. Kuanzia kesho anafua mwenye mali."

Siku hizi vilima vya jirani vimekwisha kwa mkaa. Msitu ule upo, na chemchemi inatoka vilevile. Kama unashika majina mimi sijui. Najua tu kwamba hakuna aliyethubutu kuingia na panga. Nimewadanganya wengi tangu siku ile, na wengine walifurahi, ila humo ndani ulimi wangu hunyooka wenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda na Yusta, ambaye sasa ni muuguzi Kibondo, pamoja na watoto wetu. Tulipofika kwenye mkuyu, akapotea tena, mama mzima! Watoto wakanitazama kwa hofu. Nami, na mvi zangu hizi, nikavuta pumzi nikaungama upya, mpaka Burundi wakasikia.